Siku Risper Alipokwenda Kuona Maporomoko

Jumatano, 2 Aprili

Nimemgeuza mke wangu. Nimemkagua ngozi. Visigino sawa. Nyonga sawa. Pale chini ya mgongo, palipokuwa na kile kidonda cha mwaka juzi, kovu kavu. Chai, mkate, dawa. Nikamwinua kutoka kitandani nikamweka kwenye kiti. Miaka minne sasa, tangu lori liigonge boda boda aliyokuwa amepanda pale Kondele. Mikono yangu inaijua hii kazi hata kabla mimi mwenyewe sijaamka vizuri.

Leo chai ilipoa mbele yake. Alikuwa na simu. Jenipher, rafiki yake wa Ahero, amemtumia picha za maporomoko ya maji huko Nyakach. Wametengeneza njia ya viti vya magurudumu, anasema. Mtu anasukumwa mpaka mbele ya maji.

"Nataka kwenda," Risper akasema.

Nikamwambia tutaona. Nilikuwa nimechelewa kazini, kuna nyumba naitia nyaya hapa hapa Nyamasaria. Lakini moyoni nilishasema hapana. Mvua zimeanza. Njia ya viti kwenye picha ni kitu kimoja. Njia ya viti kwenye matope ni kitu kingine.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimepiga simu huko. Nikauliza upana wa lango, mteremko ukoje, kama kuna choo. Mama aliyeshika simu akacheka. "Baba, njoo tu. Hakuna shida."

Hayo maneno nayachukia. Tuliambiwa hakuna shida kanisani, tukakuta ngazi. Tuliambiwa hakuna shida kwenye harusi ya binamu yake, nikambeba mgongoni mbele ya watu wote na gauni likapanda. Hakulia siku ile. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa peke yangu nyuma ya hema.

Risper ameuliza tena. Nimesema nafikiria.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeenda mwenyewe. Sikumwambia. Nilisema nina kazi ya stima Katito, nikaazima pikipiki ya jirani.

Ahero mashamba ya mpunga yamejaa maji, yanameta. Baada ya Katito barabara ni nzuri. Halafu marram, njia ya udongo mwekundu, halafu lango. Yule mama wa kwenye simu ndiye mlinzi, anaitwa Mama Beryl. Amenipitisha.

Nimepima lango. Linapita, limebakiza kidogo tu kila upande. Njia ya kwanza ni changarawe iliyoshindiliwa, nzuri. Kuna daraja la mbao, mbao moja inacheza. Kisha mteremko. Wa udongo, hawajaumwagia saruji. Ukiwa mkavu unafaa. Ukilowa sitaki hata kufikiria. Chini ya mteremko ni saruji mpaka kwenye jukwaa lenye vyuma vya kushika. Vyuma imara, nimevitikisa.

Nimeteremka na kupanda mara kadhaa. Nimejaribu kutembea kinyumenyume kama mtu anayeshikilia kiti.

Nikiwa njiani kurudi, nimeshaipita Ahero, ndipo nilipogundua kwamba maji yenyewe sikuyatazama. Nilikwenda maporomokoni nikaona njia.

Inawezekana kwenda. Ukweli ni kwamba nilitarajia isiwezekane.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya kanisa nikamwambia. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimepanga hata maneno: lango linapita, daraja tutavuka polepole, mteremko nitaumudu.

Akaweka kijiko chini.

"Umeshaenda?"

"Nilikwenda kukagua."

"Kwa hivyo wewe umeyaona kabla yangu."

Akageuza kiti akaenda uani. Nimekaa na sahani mbili za samaki mbele yangu kama mjinga. Sielewi. Ningempeleka vipi bila kukagua? Nilikasirika na bado nimekasirika.

Jumanne, 8 Aprili

Jenipher amepiga. Risper ameweka sauti ya nje ili na mimi nisikie, nadhani kwa makusudi. Jenipher ana polio tangu akiwa mtoto. Hajawahi kutembea, na hajawahi kumwogopa mtu yeyote. Ana duka la nafaka pale Ahero na analiendesha akiwa kwenye kiti kama jenerali.

"Shemeji! Nasikia umetangulia kama Yohana Mbatizaji!"

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, kwa shida.

Wamepanga Jumamosi. Jenipher anamjua dereva mwenye gari la Noah ambaye anatoa viti vya nyuma, magurudumu yanaingia. Mimi nimepewa kazi ya kiti. Nimekipeleka kwa fundi wa kuchomelea aimarishe breki ya kulia. Nimebadilisha tairi za nyuma, nimeweka za baiskeli zenye meno. Risper amejaribu uani. Akazunguka mara mbili, haraka, karibu agonge kamba ya nguo. Nikapiga kelele. Akaniangalia tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kubwa tangu alfajiri. Redioni wanasema maji yameingia barabarani sehemu za Ahero. Jenipher anasema duka lake ni kavu, maji yako upande wa pili, na mvua ya Alhamisi si mvua ya Jumamosi.

Nilikuwa nimesimama dirishani. Risper akasema nyuma yangu, "Unaombea mvua, Baba Tabby."

Ni kweli. Nilikuwa naomba. Si kwa maneno, lakini nilikuwa naomba.

Nikajibu kwamba naombea usalama wake. Kisha akasema tukifika, mimi nibaki kwenye gari. Yeye na Jenipher wataenda peke yao na huyo mama mlinzi. Akasema polepole, kama mtu aliyekuwa amelifikiria kwa siku nyingi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Nimetoka nje bila mwavuli. Nimetembea mpaka barabara kuu na kurudi. Mimi ndiye ninayemwosha. Mimi ndiye ninayejua akitetemeka mguu maana yake kibofu kimejaa. Nimeacha kazi nzuri ya mkataba huko Nakuru, mahali mtoto wetu Tabby anaishi, ili nisiwe mbali na Risper. Na sasa ninaambiwa nibaki kwenye gari kama dereva. Kama mzigo.

Nimeumia. Sitaandika zaidi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua imekatika. Nimetia grisi magurudumu. Nimepakia mto wa kiti wa akiba, nguo, taulo, pamba, dawa ya vidonda. Hatujaongea ila ya lazima.

Nimemwambia sawa, nitabaki. Akasema, "Asante." Akasema hivyo na macho yake yakawa kama ya zamani, ya wakati alipokuwa akiuza mitumba Kondele na mimi nikipita kila jioni kununua shati nisilolihitaji.

Nimekubali. Sijapenda.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumerudi. Nimemlaza, amelala. Mikono yangu inauma lakini niandike nikiwa bado nakumbuka.

Barabara ya Ahero ilikuwa na maji upande mmoja tu, ya kufika nusu tairi. Dereva akapita taratibu. Jenipher alikuwa ametusubiri nje ya duka lake, amevaa gauni la manjano na kofia ya kanisani. "Yawa, tunaenda kwa maji, si kwa mazishi, mbona mmenyamaza?" Ametuimbia mpaka Sondu. Risper akaanza kuimba pia. Sauti yake nilikuwa nimeisahau. Nilikaa mbele na dereva nikiangalia barabara, nikawa nasikiliza tu.

Tukafika. Mama Beryl akawapokea kwa kelele na kukumbatiana, kwa Kijaluo, haraka, sikuambulia yote. Nikawashusha. Nikakagua breki. Nikaanza kueleza kuhusu ile mbao inayocheza.

"Baba Tabby," Risper akasema.

Nikanyamaza. Wakaenda. Jenipher mbele, anajisukuma kwa mikono yake mwenyewe. Risper nyuma, Mama Beryl akiwa pembeni yake lakini hajashika kiti. Hakuna aliyeshika kiti. Alikuwa anajisukuma. Sikujua ana nguvu hizo. Wakapinda kona kwenye miti, nikabaki na mlio wa maji.

Mlio huo unatoka chini ya ardhi. Unausikia kwenye nyayo.

Dereva alitaka tuongee siasa. Sikuweza. Nilikuwa nawafuata kichwani: sasa wako darajani. Sasa wamevuka. Sasa mteremko.

Kisha wingu likaja kutoka upande wa Nyabondo. Halikutoa onyo. Matone makubwa, halafu mvua yenyewe. Nikafikiria ule udongo. Nikafikiria breki niliyochomelesha. Dereva akasema, "Mzee, walikuambia ubaki." Alikuwa amesikia yote. Nikabaki. Nikahesabu pumzi zangu kama mgonjwa. Halafu sikubaki.

Nimekimbia. Mtu wa umri wangu, viatu vya kanisani. Darajani nikateleza nikaangukia goti. Nikafika juu ya mteremko nikaangalia chini.

Jenipher alikuwa ameshafika chini kwenye saruji, maji ya mvua yanatiririka kwenye kofia. Mama Beryl alikuwa katikati ameshika kiti cha Risper, kitupu. Na Risper alikuwa ameketi kwenye udongo. Ameketi kwenye matope, miguu mbele, mikono nyuma, anajisogeza chini kwa makalio. Kidogo. Anapumzika. Kidogo tena.

Nilipiga kelele jina lake. Nadhani nilipiga kwa sauti mbaya.

Akageuka. Uso wote una matope. Nilidhani analia. Alikuwa ananikasirikia kwa kiasi ambacho sijawahi kuona.

"Rudi!"

"Mama Tabby, ngozi yako..."

"Kiti kilianza kuteleza, nikashuka. Mimi mwenyewe nimeamua kushuka. Rudi, Jotham!"

Haniiti Jotham. Aliniita hivyo mara ya mwisho kabla Tabby hajazaliwa.

Nilisimama pale. Hatua chache tu na ningemfikia. Ningeweka mkono mmoja chini ya magoti, mmoja mgongoni, kama kila asubuhi, na ningemfikisha chini salama. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza. Kisha nikaona mikono yake ilivyoshika udongo. Vidole vimezama. Hakuwa anashikilia asianguke. Alikuwa anaendesha.

Nikavua koti langu la mvua, lile zito la kazini. Nikalikunja nikamrushia.

"Kalia hilo."

Likaangukia karibu naye. Akalitazama. Akalivuta, akalisukumia chini yake, upande mmoja, kisha wa pili. Akanigeuzia mgongo akaendelea kushuka.

Nami nikageuka. Nimefanya kazi ngumu maishani. Nimepanda nguzo zenye stima hai. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kutembea kurudi kwenye lile gari.

Nililia. Dereva akaniona, akafungua redio, akaangalia upande mwingine. Namshukuru.

Walikaa muda mrefu. Mvua ikaisha, jua likatoka, bado hawakurudi. Kisha nikasikia kicheko cha Jenipher kwenye miti. Wakatokea, wamesukumwa na Mama Beryl na akina mama wawili waliokuwa wakichoma mahindi langoni. Hakuna sehemu ya Risper iliyokuwa safi. Nikamfunika taulo. Nikamwinua nikamweka kwenye gari, na safari hii akaniwekea mikono shingoni na kunishika, si kama gunia.

Sikuuliza. Njia nzima alisema neno moja tu, tulipokuwa tunapita Katito.

"Makubwa."

Jumapili, 13 Aprili

Nimekuta alama. Nyonga ya kulia. Mchubuko, si mkubwa, kama kiganja cha mtoto. Ngozi ya juu imetoka. Hakuhisi chochote, hawezi kuhisi.

Nimekaa kitandani. Mwaka juzi kidonda kilianza kidogo kuliko hiki. Kidogo kikawa shimo, shimo likawa homa, homa ikawa wodi, na daktari akaniita pembeni kuniambia nijiandae. Nakumbuka rangi ya ukuta niliouegemea.

Nimeosha kwa maji ya chumvi. Nimefunika. Leo ni Jumapili ya Matawi, hatukwenda kanisani. Watu wanapita nje na makuti yao wakiimba.

Nikasema nililokuwa nimejiapiza nisiseme. "Nilikuambia."

Akasema, uso ukiwa kwenye mto, "Ni kidonda changu."

Jumatatu, 14 Aprili

Kimekuwa chekundu pembeni. Sijaenda kazini.

Jumatano, 16 Aprili

Kliniki. Nesi amekisafisha. Si kirefu, anasema, lakini asikalie upande huo hata kidogo mpaka kifunge. Alale kifudifudi. Dawa. Nikamuuliza nesi mara tatu kama kitazidi. Mara ya tatu Risper akajibu badala yake: "Hajui, Baba Tabby. Hakuna anayejua."

Nyumbani nimemlaza kwa tumbo na mito miwili. Nikaanza kukunja nguo ili mikono iwe na kazi. Ndipo akaongea. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani na nadhani hiyo ilimsaidia.

"Unajua pale kwenye mteremko niliogopa?"

Nikasema najua, niliona.

"Hujui. Hukuona. Niliogopa mpaka meno yakagongana. Miaka minne sijaogopa kitu chochote. Unajua kwa nini? Wewe unaniogopea. Unaamka unaogopa kwa niaba yangu mpaka ninalala. Hakuna hofu iliyobaki ya kwangu."

Nilikuwa nimeshika soksi yake. Nimeendelea kuishika.

"Nikifa na kidonda," akasema, "nitakuwa nimekufa. Sitaki kufa. Lakini sitaki pia kukaa hapa kama vyombo vya kabatini. Unanielewa?"

Nikamwambia siwezi kumwona tena kwenye ile wodi. Siwezi. Sikuwahi kumwambia alichosema yule daktari. Leo nimemwambia.

Kisha akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akipapasa hewani mpaka nikaushika.

"Pole," akasema. "Ulibeba hiyo peke yako."

Tumekaa hivyo. Ugali sikupika. Tumekula mkate.

Ijumaa, 18 Aprili

Wekundu umerudi nyuma kidogo. Nimeangalia kwenye mwanga wa dirisha ili nisijidanganye. Umerudi.

Leo Ijumaa Kuu, mji umetulia. Nimekaa sakafuni kando ya kitanda ili nyuso zetu ziwe sawa, na amenisimulia. Kwamba maji si meupe kama kwenye picha, ni ya rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya mvua. Kwamba yanapoanguka yanaonekana kwenda polepole na ukiyatazama sana wewe ndiye unayepanda. Kwamba kuna mbayuwayu wanaoingia nyuma ya maji na kutoka, wana nyumba huko ndani. Kwamba walilowa kwa manyunyu ya maporomoko hata mvua ilipoisha. Jenipher alivua kofia akafumba macho, na Jenipher ambaye haachi kuongea hakuongea. Kwamba yeye Risper alipiga kelele. Alishika vile vyuma akapiga kelele kwa nguvu zake zote na hakuisikia sauti yake mwenyewe.

"Ulisema nini?"

"Hiyo siwezi kukuambia."

Nimetaka sana kujua. Nimeacha.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tabby amekuja kutoka Nakuru na keki iliyobonyea. Kidonda kinakauka. Tabby alipotaka kunilaumu kwa kumpeleka mamake kwenye matope, Risper akasema kutoka kitandani, "Hakunipeleka. Nilienda."

Jumatatu, 28 Aprili

Nesi amesema kimefunga. Nimetoka nje ya kliniki nikajifanya naangalia simu.

Kazini wamenisubiri, nimerudi leo. Nilimpigia Risper mara moja tu, mchana. Nilitaka kupiga zaidi.

Alhamisi, 1 Mei

Risper amenunua kioo chenye mpini mrefu. Anajikagua mgongo mwenyewe asubuhi. Mimi naangalia baada yake. Leo aliona alama ya mkunjo wa shuka kabla yangu, akafurahi kama aliyeokota kitu.

Hapo awali tuligombana kidogo kuhusu kioo. Nilisema hataona vizuri. Anaona vizuri.

Jumamosi, 3 Mei

Jenipher alikuja na ile Noah kumchukua Risper. Wameenda Dunga, kando ya ziwa, kuna njia ya mbao inayoingia kwenye mafunjo mpaka juu ya maji, wanataka kuona ndege. Sikwenda kukagua. Nilitamani, juzi nilipita karibu kabisa na pale nikiwa na pikipiki. Sikukata kona.

Nilimsaidia kuingia garini. Nikasema muende salama. Gari likaondoka.

Nikaosha vyombo. Nikafagia. Nikatafuta kingine cha kufanya, hakikuwepo. Nikaketi kwenye kochi, nikasema nitapumzisha macho.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka na nyumba inanuka vitunguu. Risper alikuwa ameshaingia, sijui kwa nani, sijui vipi. Alikuwa jikoni anakaanga dagaa wa omena, mgongo kwangu. Mtu amenifunika leso ya kujifunga.

"Unakoroma kama mashine ya kusaga posho," akasema bila kugeuka.

Nikauliza ameona nini. Akaanza na mvuvi mmoja aliyesimama kwenye mtumbwi na kondoo. Kondoo mzima, anavushwa. Nikavuta kiti karibu na jiko, nikakaa.